Tujue ni nani anayegusa rekodi zetu katika seva

Mfugaji wa Eldas, katika Kaunti ya Wajir, hawezi kulala kabla ya kuhakikisha kwamba mifugo yake imerudi zizini. Hata hivyo, mfugaji aliyebobea haridhiki na hesabu pekee. Ngamia waliotoka asubuhi wakiwa arubaini wanaweza kurudi arubaini, ilhali mwizi amekwisha kumwondoa jike mwenye maziwa na kumwingiza mahali pake kikongwe aliyekonda. Kwa sababu hiyo mfugaji humtambua kila mnyama kwa rangi, kwa mlio, kwa mwendo, na kwa chapa ya moto ambayo Wasomali huiita sumad.

Nimeanza na mfano huo kwa kuwa mali ya mwananchi wa Eldas siku hizi haiko zizini tu. Jina lake limo katika sajili ya wapiga kura na katika sajili ya vitambulisho. Huenda pia limo katika orodha ya mpango wa kukabiliana na njaa ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ambao huzipa fedha jamaa zilizo maskini zaidi. Basari ya mwanawe nayo ina orodha yake. Orodha hizi huhifadhiwa katika kompyuta kubwa ziitwazo seva, ambazo aghalabu ziko mamia ya kilomita kutoka kwake, na yamkini hatazitia machoni maisha yake yote. Je, ni nani anayehakikisha kila jioni kwamba yaliyomo humo ni yale yale yaliyokuwamo asubuhi?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Mnamo Januari 2012, kwa usiku mmoja, mdukuzi wa Indonesia aliyejiita Direxer alizivamia tovuti 103 za Serikali ya Kenya. Mnamo Novemba 2025 tovuti za wizara kadhaa, zikiwamo za Afya, Elimu na Mambo ya Ndani, zilivamiwa tena na kujazwa maneno ya ubaguzi wa rangi. Wananchi wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini wavamizi hao walikuwa wezi wa aina ya kupiga kelele. Walibadilisha ukurasa wa mbele, kila mtu akaona. Mwizi wa kuogopwa zaidi ni yule anayeingia kimya, akabadilisha mstari mmoja katika programu au katika orodha, kisha akaondoka bila kuvunja kioo. Uharibifu wake hujulikana siku ajuza anapofika kuchukua fedha zake na kuambiwa kwamba jina lake halimo.

Dawa ya maradhi haya imejulikana kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, Gene Kim na mwalimu wake Eugene Spafford walitunga programu waliyoiita Tripwire. Kazi yake ni kulichukua kila faili lililo muhimu na kulipiga hesabu maalumu inayotoa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu, mithili ya alama ya kidole. Hesabu inayotumika sana leo, iitwayo SHA-256, hutoa alama yenye herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja katika faili lenye kurasa elfu, alama yote hugeuka. Ukubwa wa faili unaweza kubaki vile vile, na hata tarehe yake inaweza kughushiwa, kama vile idadi ya ngamia inavyoweza kutimia zizini. Alama ya kidole haitakubali.

Uwekaji wa mlinzi huyu si kazi ngumu, bali unahitaji nidhamu. Kwanza, msimamizi aanze na seva safi, iliyowekwa programu kutoka katika chanzo kinachoaminika, kabla haijaunganishwa na mtandao. Pili, achague mambo ya kulindwa: programu zenyewe, faili za mipangilio, orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia, na kurasa za tovuti. Faili ambazo ni tabia yake kubadilika kila dakika ziachwe nje. Msimamizi anayelinda kila kitu atapokea maonyo mia mbili kila asubuhi, na baada ya wiki mbili hatayasoma tena. Mchungaji anayepiga yowe la fisi kila usiku, mwishowe hapana anayeamka.

Tatu, orodha ya alama isihifadhiwe katika seva ile ile inayolindwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mvamizi aliyepata mamlaka ya msimamizi atabadilisha faili, kisha atabadilisha na orodha, na ukaguzi utasema kila kitu ni salama. Orodha iwekwe katika kompyuta nyingine, au katika chombo kisichoweza kuandikwa mara ya pili. Nne, ukaguzi ufanywe kila usiku, na taarifa yake iwafikie watu wawili wasio wa ofisi moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tunajua kwamba ufunguo wa seva mara nyingi umo mfukoni mwa mtu anayelipwa kuilinda. Tano, kila badiliko halali liandikwe kitabuni: nani, saa ngapi, kwa idhini ya nani. Bila kitabu hicho, onyo la mashine halitatofautisha fundi aliyetumwa na mwizi aliyejituma.

Hapana budi kukiri kwamba orodha za watu, ambazo huongezwa na kupunguzwa kila siku, hazilindwi na alama hizi peke yake. Hizo zinahitaji daftari la matukio linaloandika kila badiliko na jina la aliyelifanya, nalo daftari hilo lisiweze kufutwa. Alama za vidole zitalinda programu inayoiendesha orodha, na daftari litawafichua wanaoigusa.

Mahakama zetu zimekwisha kutuonyesha thamani ya ushahidi wa namna hii. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliiamuru Tume ya Uchaguzi, IEBC, iruhusu seva zake zikaguliwe. Tume haikuitii amri hiyo kikamilifu, na jambo hilo likawa miongoni mwa yaliyoielemea uchaguzi wa rais ulipofutwa Septemba 1. Mwaka 2022 mambo yalikuwa tofauti. Kura za Eldas zilipigwa Agosti 10, siku moja baada ya taifa, kwa sababu ya ghasia, na hofu ilikuwa nyingi. Lakini safari hiyo tume ilitundika katika tovuti yake picha za Fomu 34A kutoka vituoni, na nchi nzima ilikuwa na vituo 46,229. Walalamishi walipodai kwamba picha zilibadilishwa njiani, fomu za asili zililinganishwa na picha, na Septemba 5 mahakama ikayatupilia mbali madai hayo. Mtu anaweza kuupenda uamuzi au kuuchukia. La muhimu ni kwamba palikuwa na kitu cha asili cha kulinganishia. Mwaka 2017 kitu hicho kilikuwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Sasa nirudi Eldas, maana huko kuna onyo ambalo wataalamu wa Nairobi husahau. Alama ya kidole huthibitisha kwamba faili halijabadilika tangu siku lilipopimwa. Haithibitishi kwamba siku hiyo lilikuwa la kweli. Ukiiwekea mlinzi seva iliyokwisha kuchezewa, utakuwa unaulinda wizi.

Watu wa Kaskazini Mashariki wanalijua jambo hili kwa machungu. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa na kupewa kadi ya rangi ya waridi ili kuthibitisha uraia waliokuwa nao tangu kuzaliwa. Miaka iliyofuata, wakati wa ukame, Wakenya wengi walijiandikisha katika kambi za Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Vijana hao walipofika umri wa kuomba kipande, vidole vyao vilionekana katika sajili ya wakimbizi, wakanyimwa. Mashine haikukosea kuvitambua vidole. Kilichokosea ni neno lililoandikwa kando ya vidole hivyo, na neno hilo lililindwa kwa uaminifu mkubwa, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili kwa serikali kuu na kwa kaunti. Kwanza, kabla ya alama kuchukuliwa, orodha zisomwe hadharani, mbele ya wazee, akina mama na vijana, ili makosa yasahihishwe kabla hayajafungiwa. Baraza la chifu lingali linafaa kwa kazi hiyo. Pili, alama ya kila orodha iliyokamilika, zile herufi na tarakimu 64, itangazwe: ibandikwe ukutani katika ofisi ya msaidizi wa kamishna, na ichapishwe magazetini. Alama haifichui jina la mtu yeyote wala siri yoyote, kwa hivyo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu haivunjwi. Lakini yeyote mwenye nakala ya orodha ataweza kuipima mwenyewe, awe wakili wa Garissa au mwalimu wa shule ya msingi ya Eldas mwenye kompyuta moja.

Programu za kazi hii zipo, na baadhi yake hazilipishwi hata senti. Gharama iliyobaki ni ya mtu wa kuisoma taarifa kila asubuhi, na mkubwa wa kumuuliza kama ameisoma.