Saa Ngapi Mnafunga Mlango?

Gesti yangu ina vyumba tisa, iko Ujiji, si mbali na kituo cha daladala za kwenda Kigoma mjini. Kila anayeingia namwandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu: jina, kazi, atokako, aendako, siku atakazolala. Safu ya "atokako" imejaa Kongo: Kalemie, Baraka, Fizi, Uvira. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema, mtu wa asili ya Kongo, na nusu ya mtaa wetu wana ndugu ng'ambo ya ziwa. Boti zinazotoka pale Kibirizi na saruji, sabuni na magodoro hurudi na mawese, vitenge na habari.

Agosti 2023 niliandika "Beni". Mgeni alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa kakao kutoka Kivu Kaskazini. Alikuwa amekwenda Uvira kumsalimia binti yake aliyeolewa huko, akaona bora avuke hadi Kigoma atafute bidhaa. Aliweka begi chini. Hakuuliza bei ya chumba, wala maji ya kuoga. Aliniuliza: "Mama, huku banafunga mlango saa ngapi?"

Nikamwambia mlango wetu haufungwi, mlinzi anakesha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo asilolielewa. Jioni ile majirani walikuwa na shughuli ya harusi, ngoma inalia, watoto wanakimbizana barabarani. Nilikuwa nimepika migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, nikamkaribisha kibarazani. Alikula vizuri. Ilipokaribia saa moja akaanza kutazama simu, akatazama barabara, akatazama simu tena. Akanyanyuka, akaaga, akaingia chumbani. Nilisikia komeo, kisha nikasikia kiti kikiburutwa na kuegemezwa mlangoni.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Nilipomuuliza kwa upole kama kuna mtu anamtisha, akacheka kidogo. "Hapana, mama. Kwetu saa moja kila mtu iko mu nyumba. Mwili umezoea."

Amri iliyowazoesha hivyo kwao wanaiita kwa Kifaransa, état de siège. Katiba yetu ya Tanzania ina jina lake kwa mambo ya namna hiyo: hali ya hatari. Rais Félix Tshisekedi alitia saini amri hiyo tarehe 3 Mei 2021, nayo ikaanza kufanya kazi tarehe 6 Mei katika mikoa miwili, Kivu Kaskazini na Ituri. Sababu ilikuwa ya kweli kabisa. Kundi la ADF lilikuwa likichinja watu vijijini Beni, wanamgambo wa CODECO wakifanya unyama wao Ituri, na wananchi walikuwa wamelia miaka mingi serikali ifanye jambo. Mgeni wangu hakuficha hilo. "Siku ya kwanza tulipiga makofi," alisema.

Magavana wa kiraia wakawekwa kando, mabunge ya mikoa yakasimamishwa, na mahali pao wakakaa majenerali. Chini yao, miji na wilaya zikashikwa na maofisa wa jeshi na polisi. Raia aliyeshtakiwa kwa jinai akawa anapelekwa mahakama ya kijeshi. Katiba ya Kongo haikuacha jambo hili wazi: hali hiyo hutangazwa kwa siku 30, ikizidi hapo ni lazima Bunge liirefushe kwa siku 15, kisha 15 nyingine. Aliyeandika hivyo alikuwa na nia njema. Alitaka kila baada ya wiki mbili wawakilishi wa wananchi wakae, waulizane kama bado kuna haja.

Basi ikarefushwa, ikarefushwa tena. Mwaka una vipande 24 vya siku 15, hesabu mwenyewe miaka inayofuata. Bunge lilipokwenda likizo liliiachia serikali ruhusa ya kurefusha. Wabunge wa Kivu Kaskazini na Ituri, ambao ndugu zao ndio wanaoishi ndani ya amri hiyo, walifika mahali wakasusia vikao vya kuirefusha. Ikarefushwa bila wao.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema, na nalisema kama mwenye gesti. Kwangu mgeni akitaka kuongeza siku, anakuja mezani, nafungua daftari, tunaangalia siku alizokwisha kulala. Analipa zile kwanza, ndipo naandika mpya. Sijawahi kumuongezea mtu siku juu ya deni ambalo hata hatujalihesabu. Lakini nguvu kubwa kuliko zote ambazo dola inaweza kupewa, ya kumzuia mtu asitoke nje, kumhukumu raia mbele ya mwanajeshi, kumwondoa kiongozi aliyechaguliwa, hiyo iliongezwa kila wiki mbili bila mtu kufungua daftari na kuuliza: siku 15 zilizopita zimetuletea nini?

Kwa sababu daftari lingefunguliwa, lingesema hivi. Amnesty International ilitoa ripoti Mei 2022, mwaka mmoja baada ya kuanza, ikieleza kuwa mauaji ya raia yalikuwa yameongezeka, na kwamba amri iliyoletwa dhidi ya wanamgambo ilikuwa ikitumiwa kuwanyamazisha wakosoaji. Novemba 2021, pale pale Beni, vijana 13 wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa wakiandamana kupinga kurefushwa kwake. Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawafunga mwaka mmoja. Wakati huohuo waasi wa M23 walikuwa wameibuka upya, na Juni 2022 wakauchukua mji wa Bunagana mpakani. Jenerali alikuwa ofisini. Amri ilikuwepo.

Mgeni wangu hakuzungumza sana juu ya M23. Alizungumza juu ya magunia yake ya kakao. Mnunuzi mmoja alichukua magunia 40 kwa ahadi ya kulipa baada ya mwezi, akapotea, akaonekana mji mwingine akiendesha pikipiki mpya. Zamani, alisema, angekwenda kwa mwendesha mashtaka wa kiraia, anajua mlango, anajua karani, hata karani akiwa mla rushwa anajua bei yake. Sasa faili lilihamia kwa askari. Akaniambia kwa Kiswahili chao: "Dosie yangu iko kwa basoda. Nilienda, banasema rudi wiki ijayo. Nilienda tena. Kuna siku nilikuta mulango na bunduki mbili, nikaona, eh, kakao yangu haifikie hiyo."

Alilisema bila hasira. Nami nadhani ndiyo habari nzito kuliko zote alizonieleza. Mwenye kesi ya magunia 40 alitazama bunduki mbili mlangoni, akapima, akaona haki yake ni ndogo mno kubishiwa hodi mahali pale. Mtu akishapima hivyo mara moja, mara ya pili hapimi tena. Diwani hayupo wa kumwendea, mbunge wa mkoa amesimamishwa, gavana hakumchagua na wala hawezi kumwondoa kwa kura. Anabaki na Mungu na majirani. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba uchaguzi umekaribia ajitokeze kwa wingi, unamwambia neno ambalo halijagusa maisha yake kwa muda mrefu.

Siku hizohizo redio ilikuwa ikitangaza kwamba Kinshasa kuna mkutano mkubwa, tarehe 14 hadi 16 Agosti, wa kujadili kama amri hiyo iondolewe au ibaki. Tulisikiliza pamoja kibarazani. Wengi waliotoka mikoa ile walitaka iondoke. Usiku ule wa nne, wa mwisho kwake hapa, alikaa nje hadi saa tatu. Kila pikipiki ilipopita alikatisha maneno, halafu akaendelea.

Wiki mbili baada ya yeye kuondoka, tarehe 30 Agosti 2023, askari waliwafyatulia risasi watu wa kikundi kimoja cha kidini mjini Goma waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya majeshi ya Umoja wa Mataifa. Waliuawa zaidi ya 50. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, akaitwa Kinshasa, na kiti chake akapewa jenerali mwingine. Oktoba, Rais Tshisekedi akatangaza kulegeza hatua kwa hatua: amri ya kutotoka usiku ikome, watu waruhusiwe tena kuandamana. Desemba ikafanyika kura, na wilaya za Masisi na Rutshuru hazikupiga kwa sababu ya vita. Januari 2025 gavana wa pili, Jenerali Peter Cirimwami, akauawa kwenye mapigano karibu na Sake, na siku chache baadaye Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Makao ya mkoa yakahamishiwa Beni, kwa mgeni wangu, chini ya jenerali wa tatu. Yaani amri iliyoletwa ili kuulinda mkoa ilikuwa bado hai siku mji mkuu wa mkoa ulipopotea.

Sisemi jeshi lisipewe nguvu wakati wa vita. Nimeona kwa macho yangu wanaokimbia. Machi 2023 walifika mkoani kwetu zaidi ya watu 2,000 kutoka Kongo ndani ya wiki chache, wengi wao wa Kivu Kaskazini, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imekuwepo tangu 1996. Aliyelala na watoto ndani ya boti usiku wa upepo ziwani hahitaji somo la demokrasia. Anahitaji mtu wa kumlinda. Ninachosema ni kwamba nguvu hiyo ikidumu bila hesabu, haimlindi na wala haiondoki.

Kenya wanalijua hili kuliko sisi. Watu wengi hukumbuka hali ya hatari ya mkoloni, ya Oktoba 1952 hadi Januari 1960. Ni wachache wanaokumbuka ile ya kaskazini mashariki, iliyotangazwa Desemba 1963, wiki mbili baada ya uhuru, kwa ajili ya vita vya mashifta. Vita viliisha miaka ya sitini. Amri ikaondolewa Novemba 1991. Ni karibu miaka 28. Mtoto alizaliwa Wajir, akasoma, akaoa, akapata watoto, yote ndani ya dharura. Ndani ya miaka hiyo, Februari 1984, ndipo wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, hukohuko Wajir, na kuuawa kwa wingi, na kwa miaka mingi hapakuwa na ofisi ya kulisema jambo hilo. Nchi iliyobaki ilikuwa ikipiga kura kama kawaida.

Na sisi je? Mwaka mmoja baada ya uhuru, 1962, tulitunga sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, bila hata kutangaza hatari yoyote. Tume ya Jaji Nyalali iliitaja miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Ibara ya 32 ya Katiba yetu yenyewe ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Rais akitangaza hali ya hatari, Bunge lazima liitwe ndani ya siku 14, na theluthi mbili ya wabunge wote wakubali. Wasipokubali, imekufa. Wakikubali, ina miezi sita, kisha irudi mezani.

Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikazimwa nchi nzima, na hakuna aliyepitia Ibara ya 32. Watu walipoteza maisha. Mimi nina mwanangu Mbagala. Siku ya kwanza nilijipa moyo. Siku ya tatu nilikuwa naamka usiku kushika simu nione kama kuna ujumbe, na hakuna. Sauti yake niliisikia siku ya tano. Jioni moja kati ya siku hizo nilijikuta namwambia mlinzi afunge geti mapema. Saa moja haijafika. Huku Ujiji hakuna aliyetuamrisha kufunga. Nilifunga tu.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama wa Beni na kiti chake mlangoni. Yake ilikuwa miaka miwili na zaidi, yangu siku tano, na tayari mkono wangu ulikuwa umekwenda kwenye komeo.

Nakuomba, msomaji, utafute Katiba, hata kwenye simu, ufungue Ibara ya 32. Haikuchukulii robo saa. Halafu mbunge wako akija kwenu, muulize mambo mawili: siku amri kama hiyo ikiletwa, atadai ipitie Bungeni? Na ikiletwa mara ya pili irefushwe, atauliza ile ya kwanza ilifanya nini?

Daftari la Agosti 2023 ninalo bado. Kwenye safu ya aendako, mama yule aliandika kwa mkono wake mwenyewe: nyumbani.