Pissaladière: Piza ya vitunguu na dagaa iliyozaliwa mpakani, na jinsi ya kuipika nyumbani

WAFANYABIASHARA wanaovusha vitunguu kutoka Tanzania kwenda Kenya wanaijua hasara ambayo haimo kwenye risiti yoyote. Gunia likifunguliwa sokoni, havikosekani vitunguu vilivyochubuka njiani, vilivyopasuka au vilivyoanza kuchipua, ambavyo mnunuzi huvitenga pembeni bila hata kuuliza bei. Havijaoza na ladha yake iko pale pale, lakini sokoni havina tena thamani.

Vitunguu hivyo kwa kawaida hugawiwa majirani, huuzwa kwa bei ya kutupa au huishia jalalani. Kusini mashariki mwa Ufaransa, katika mji wa Nice ulio karibu na mpaka wa Italia, kuna chakula cha jadi kinachotumia vitunguu kwa kilo, pamoja na samaki wadogo wa chumvi. Kinaitwa pissaladière, na wageni wengi hukiita piza ya Nice.

Makala haya yanaeleza chakula hicho ni nini, kilitoka wapi, na jinsi familia ya mfanyabiashara au dereva inavyoweza kupika piza ya namna hiyo nyumbani kwa kutumia bidhaa ambazo tayari zinapita kwenye mipaka ya Afrika Mashariki.

Jina halitokani na piza

Wengi hudhani kwamba pissaladière ni neno la Kifaransa lenye maana ya piza. Sivyo. Jina hilo linatokana na pissalat, rojo la samaki wadogo waliohifadhiwa kwa chumvi, na katika lugha ya wenyeji wa Nice maana yake ni samaki wa chumvi tu.

Wavuvi wa pwani hiyo walikuwa wakipata dagaa wachanga ambao hawakuweza kuuzwa mmoja mmoja kama samaki wakubwa. Waliwatia chumvi, wakawasaga pamoja na viungo kama karafuu na majani makavu, kisha wakafunika rojo hilo kwa mafuta ya zeituni ili lisiharibike. Rojo hilo lilipakwa juu ya unga wa mkate uliosukumwa, likafunikwa kwa vitunguu vilivyopikwa taratibu hadi vikalainika, na mkate ukaokwa.

Siku hizi wapishi wengi wa Nice hawatumii tena rojo lenyewe. Badala yake hupanga juu ya vitunguu minofu ya anchovi, ambao ni samaki wadogo wa baharini wa chumvi, pamoja na zeituni nyeusi. Chakula hiki hakiwekwi jibini wala nyanya, na hapo ndipo kinapotofautiana na piza iliyozoeleka.

Mpaka ulihama, chakula kikabaki

Historia ya Nice itawagusa watu waliozoea maisha ya mpakani. Kuanzia mwaka 1815 mji huo ulikuwa chini ya Ufalme wa Sardinia, pamoja na pwani ya Liguria ambayo leo iko Italia. Machi 24, 1860, mfalme wa Sardinia na Ufaransa walitia saini mkataba mjini Turin, na baada ya kura iliyopigwa Aprili mwaka huo Nice ikawa sehemu ya Ufaransa. Pwani iliyokuwa ya nchi moja ikagawanywa na mpaka.

Jikoni mambo hayakugawanyika. Mjini Sanremo, upande wa Italia, hadi leo huokwa mkate wa aina hiyo unaoitwa sardenaira, jina linalotokana na sardini. Huo huwekwa nyanya pamoja na samaki wa chumvi na zeituni, lakini ni rahisi kuona kwamba ni ndugu wa pissaladière.

Biashara nayo iliendelea. Kila Ijumaa soko la Ventimiglia, mji wa Italia ulio jirani na mpaka, huvutia wanunuzi wengi kutoka Ufaransa. Tangu Januari 1, 1993, bidhaa hupita baina ya nchi hizo mbili bila taratibu za forodha, kwa kuwa zote zimo katika soko moja la Ulaya.

Afrika Mashariki nayo ilianza kutekeleza Umoja wa Forodha Januari 1, 2005. Kwa mfanyabiashara mdogo, nafuu kubwa ni hati rahisi ya uasili wa bidhaa, inayotumika kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, mradi bidhaa imezalishwa ndani ya jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hata hivyo, hati hiyo haifuti masharti ya afya ya mimea na usalama wa chakula, hivyo mwenye mzigo wa vitunguu au wa samaki bado anatakiwa kufuata ukaguzi husika.

Hesabu ya maji

Kwa nini chakula hiki kinatumia vitunguu vingi hivyo? Jibu ni maji. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wa kitunguu ni maji. Lori lililobeba tani 10 za vitunguu, kwa hesabu hiyo, limebeba karibu tani tisa za maji yaliyofungwa ndani ya maganda membamba. Ndiyo maana mzigo huo ni mzito kwa thamani yake, na ndiyo maana unaumia upesi ukipangwa vibaya.

Magunia ya lumbesa huongeza tatizo. Vitunguu vya chini hubeba uzito wote wa juu, hewa haipiti, na kila shimo la barabara huacha mchubuko. Vitunguu vilivyokaushwa vizuri shingo kabla ya kufungwa, vikawekwa kwenye mifuko ya wavu na kupangwa kwa kuacha nafasi ya hewa, hufika vikiwa na hasara ndogo zaidi.

Samaki wa chumvi ni kinyume chake. Maji yametolewa, uzito umepungua, na wakikauka vizuri wanaweza kungoja kwa wiki kadhaa bila barafu. Pissaladière imezaliwa kutokana na bidhaa hizi mbili: moja haiwezi kusubiri, nyingine inaweza.

Dagaa gani watumike

Anchovi wa kopo hupatikana katika baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, lakini bei yake si ya kila siku. Mbadala wa karibu kabisa ni dagaa mchele wa Zanzibar. Samaki hao ni wa jamii moja na anchovi, huchemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa juani, na wanunuzi wao wengi hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao Burundi huitwa ndagala, wanafaa pia. Dagaa wa Ziwa Victoria, yaani omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, si wa jamii hiyo, lakini wanaweza kutumika. Waliokaushwa mchangani lazima waoshwe mara kadhaa hadi maji yawe safi, na kwa kuwa mara nyingi hawana chumvi, mpishi huongeza ya kwake. Dagaa wenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha wasitumike kabisa, kwa sababu harufu hiyo haiondoki jikoni.

Mahitaji

Vipimo vifuatavyo vinatosha treya moja ya sentimita 30 kwa 40, inayotoa vipande 12.

Unga wa ngano gramu 500
Hamira kavu vijiko 2 vya chai
Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai
Maji ya uvuguvugu mililita 300
Mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula kwa ajili ya unga, na vijiko 5 kwa ajili ya vitunguu
Vitunguu maji kilo 1 na nusu baada ya kumenywa
Kitunguu saumu punje 3
Dagaa wakavu wa chumvi kikombe 1
Karafuu 2 na pilipili manga kidogo
Zeituni nyeusi kama 20, zikipatikana

Vitunguu vilivyochubuka au kuchipua vinafaa. Vilivyochipua hupasuliwa na kutolewa kichipukizi cha kijani. Vyenye vumbi jeusi la ukungu kwenye ganda la nje hubanduliwa tabaka hadi ifikiwe nyama safi. Kilicholainika na kutoa maji au harufu mbaya hutupwa, hata kama sehemu yake moja inaonekana nzima.

Namna ya kupika

Kwanza, unga huchanganywa na hamira, chumvi, mafuta na maji, kisha hukandwa kwa dakika 10 hadi uwe laini na usigande mikononi. Hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa mahali penye joto kwa saa moja au zaidi, hadi uumuke na kuwa mara mbili ya ukubwa wake.

Wakati unga unaumuka, vitunguu hukatwa vipande vyembamba na kuwekwa kwenye sufuria pana pamoja na mafuta na kitunguu saumu. Hapa ndipo wapishi wengi wa Afrika Mashariki hukosea mara ya kwanza. Kwa pilau, kitunguu hukaangwa kwa moto mkali hadi kiwe cha kahawia. Kwa pissaladière, moto ni mdogo na sufuria hufunikwa. Vitunguu hutoa maji yake, hulainika, kisha mfuniko huondolewa ili maji yakauke polepole. Kazi hiyo huchukua dakika 45 hadi saa moja, na mpishi hugeuza mara kwa mara ili visishike chini. Havihitaji sukari, kwa sababu utamu wake wenyewe hujitokeza.

Vitunguu vyekundu vya huku ni vikali kuliko vile vya manjano vinavyotumika sana Nice, na rangi yake huwa nzito vikiiva. Hilo si kasoro. Mpishi asiongeze chumvi kwenye vitunguu, kwa kuwa dagaa wataleta ya kutosha.

Dagaa hutolewa vichwa, huoshwa na kulowekwa katika maji ya moto kwa dakika 15, kisha hukamuliwa. Nusu yao hutwangwa kwenye kinu pamoja na karafuu, pilipili manga na mafuta kidogo hadi wawe rojo. Nusu nyingine hukaangwa kidogo tu na kuwekwa kando.

Unga ulioumuka husukumwa na kutandazwa kwenye treya iliyopakwa mafuta. Rojo la dagaa hupakwa kwa tabaka jembamba, vitunguu hutandazwa juu yake hadi karibu na ukingo, kisha dagaa waliokaangwa hupangwa kwa mistari inayopishana, na zeituni huwekwa katikati ya mistari hiyo.

Kwenye oveni yenye joto la nyuzi 220, piza huiva kwa dakika 20 hadi 25. Asiye na oveni hutumia mkaa, kama inavyofanyika kwa keki: unga hugawanywa kwenye treya mbili ndogo za mviringo, kila moja huwekwa juu ya vijiwe ndani ya sufuria kubwa iliyokwisha kupata moto, sufuria hufunikwa, makaa machache hubaki chini na mengi huwekwa juu ya mfuniko. Baada ya dakika 25 ukingo huangaliwa. Ukiwa wa kahawia na chini ya piza pamekauka, imeiva.

Faida kwa nyumba na kwa safari

Katika orodha hii, kitu kinachogharimu zaidi kwa mpishi wa Afrika Mashariki mara nyingi ni unga. Kenya, Uganda na Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yao kutoka nje, na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilionyesha jinsi bei ya mkate wa huku inavyoweza kupandishwa na matukio ya mbali. Vitunguu na dagaa ni vya hapa hapa. Piza ya kawaida huhitaji jibini, ambayo ni ghali na inataka jokofu, lakini hii haihitaji.

Kwa sababu hiyo inafaa pia safarini. Mjini Nice huuzwa kwa vipande na kuliwa ya moto au iliyopoa. Dereva anayeondoka alfajiri akijua kwamba huenda akasubiri mpakani hadi mchana, anaweza kubeba vipande vilivyofungwa kwenye karatasi safi na kuvila siku hiyo hiyo. Visiwekwe kwenye mfuko wa plastiki vikiwa vya moto, kwani mvuke hulowesha mkate na kuufanya uchache upesi.

Mama lishe wa mpakani anayetaka kuijaribu kama biashara anashauriwa kuanza na treya moja na kuandika kila gharama, ikiwemo mkaa na saa moja ya kupika vitunguu. Asiviandike vitunguu vya bure kuwa sifuri. Siku gunia litakapofika bila hasara atalazimika kuvinunua, na bei ya kipande lazima iweze kubeba gharama hiyo.