Joram Kiango Ndani ya Sanduku la Vitabu

Katika kambi moja hapa Rusizi, upande wa Kamembe, kuna sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani. Ndani yake mna vitabu vya Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, ambavyo askari huviazima baada ya kazi na kuvirudisha kabla ya mwisho wa mwezi. Vilivyochakaa kupita vyote ni vya marehemu Ben Mtobwa. Kimoja hakina jalada. Kingine kimepoteza kurasa za mwisho, hata kila akisomaye hulazimika kuwauliza waliomtangulia ili ajue hadithi iliishaje.

Hivi karibuni askari mmoja mwenye cheo aliandika barua akishauri kwamba vitabu hivyo viondolewe sandukuni. Hoja yake ilikuwa fupi: vinawafunza vijana kupenda bastola, pombe na wanawake, na kudharau amri. Barua ikafika katika ofisi yetu ya uhusiano, nasi tukatakiwa kusikiliza maoni ya wasomaji kabla ya neno la mwisho kusemwa. Tuliifanya kazi hiyo kwa muda wa majuma mawili, katika bwalo la askari, katika kituo cha polisi, na hata njiani karibu na daraja la kuvukia kwenda Bukavu. Tuliyoyasikia yafaa yawafikie wenzetu wa vikosi vingine.

MTU WA KIGOMA

Kwanza tumtambulishe mwenyewe. Ben R. Mtobwa alizaliwa mwaka 1958 katika Mkoa wa Kigoma, Tanzania, na akafariki mwaka 2008. Kwa msomaji wa Rusizi huyu ni jirani. Mto wetu hutoka hapa katika Ziwa Kivu, ukateremka kati ya milima hadi kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo ndilo linalopiga mawimbi yake Kigoma. Mtobwa aliandika kwa kasi ambayo wengi hawakuiweza. Katika miaka ya 1980 riwaya zake zilitoka moja baada ya nyingine: Pesa Zako Zinanuka, Salamu Toka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu? na nyinginezo. Baadaye ikaja Dar es Salaam Usiku, inayochora maisha ya jiji baada ya jua kuzama, ambayo ilitafsiriwa pia kwa Kiingereza. Hakuridhika na kuandika tu, bali alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko.

Shujaa wake mashuhuri ni Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea, kijana mtanashati, mwepesi wa akili na wa mikono. Huyu ndiye aliyezusha ubishi katika bwalo letu.

Wataalamu wa fasihi huziita hadithi za namna hii riwaya pendwa, na aghalabu huziweka kando ya zile wanazoziita fasihi dhati. Ubishi huo haukuanza na Mtobwa, wala si wa Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1944 mwandishi George Orwell wa Uingereza aliandika makala ya kumkemea James Hadley Chase kwa ukatili wa riwaya yake ya mwaka 1939. Hata hivyo Chase aliendelea kuandika, akafikisha vitabu vinavyokaribia 90, na vijana wa Afrika wa miaka ya 1970 wakavisoma hadi vikararuka. Basi askari wetu wa Kamembe, pasipo kujua, walikuwa wakiendeleza shauri la siku nyingi.

WANAOMTETEA

Mtetezi wa kwanza alikuwa koplo mmoja aliyewahi kutumwa Msumbiji. Vikosi vya Rwanda, jeshi pamoja na polisi, vilianza kwenda katika jimbo la Cabo Delgado mwezi Julai 2021, na katika pwani ya jimbo hilo wako wenyeji wengi wanaokielewa Kiswahili. Koplo huyu alikulia kijijini, mbali na soko la Kamembe na bonde la Bugarama ambako Kiswahili husikika kila siku. Alituambia hivi: "Afande, Kiswahili cha darasani kilinifundisha kusalimia. Mtobwa alinifundisha kuuliza, kubembeleza na kutambua mtu anayenificha jambo. Nilipokutana na mzee wa kule aliyekimbia kijiji chake, niliweza kukaa naye chini tukazungumza."

Hoja hii ina uzito. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017, na ni lugha ya jirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini lugha haiingii kichwani kwa sheria. Huingia kwa mtu kutamani kujua kilichomo katika ukurasa ufuatao, na katika kuamsha tamaa hiyo Mtobwa alikuwa fundi.

Mwingine, kijana wa ulinzi wa lango, alisema kwamba kabla ya kumjua Joram Kiango hakuwa amemaliza kitabu hata kimoja tangu atoke shule. Sasa amemaliza tisa. Alipotamka neno "tisa" wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka.

WANAOMLAUMU

Upande wa pili haukukosa watu. Inspekta mmoja wa polisi, mzoefu wa upelelezi, alimpima Joram kwa kipimo cha kazi na kumkuta pungufu. "Huyu bwana," alisema, "hapumziki, hakosei, wala haandiki. Upelelezi wa kweli ni daftari. Shahidi anachukuliwa maelezo, kielelezo kinatiwa alama na kuhifadhiwa, kisha kesi inasubiri mahakama. Kuruta akiingia kwangu akitaka kuwa Joram, nitapata kazi ya kumfundisha upya."

Wengine walimlinganisha Mtobwa na Elvis Musiba, Mtanzania mwenzake, aliyemwumba Willy Gamba tangu riwaya ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Gamba ni mpelelezi wa serikali, naye hupokea maagizo kwa mkubwa wake na kurudi kutoa taarifa. Wenye kupenda nidhamu walisema kwamba huyo ndiye afaaye kusomwa kambini. Wapinzani wao wakajibu kwamba Gamba naye hana upungufu wa vinywaji wala wa warembo, na kwamba tukianza kuchuja kwa kipimo hicho sanduku litabaki na kamusi peke yake.

Sajini mmoja wa kike alitoa neno ambalo lilinyamazisha pande zote kwa muda. Alisema anampenda Nuru, msichana anayefuatana na Joram, kwa sababu Nuru huingia hatarini kwa miguu yake mwenyewe. "Lakini," akaongeza, "mwandishi hunieleza kwanza uzuri wake, ndipo anieleze ujasiri wake. Mimi ningeanzia kwenye ujasiri."

NENO LA SAJINI MKUU

Jioni ya mwisho tulimfuata sajini mkuu mmoja ambaye muda wote alikaa pembeni akinywa chai. Vijana walisema kwamba hapendi vitabu. Ikadhihirika kwamba amevisoma karibu vyote.

"Mnabishana juu ya wanawake na pombe," alisema. "Mimi linalonisumbua ni jingine. Katika hadithi hizi mtu hupigwa risasi, kisha ukurasa unafunuliwa. Katika kazi yetu ukurasa haufunuki upesi hivyo. Kuna mwili wa kubebwa. Kuna mama wa kupelekewa habari. Mimi nimepeleka habari hizo mara mbili, na milango yote miwili naikumbuka rangi yake."

Hakuna aliyemjibu. Kisha akainuka, akaenda kwenye sanduku, akatoa kitabu chembamba ambacho hakikuchakaa kama vingine. Kilikuwa Zawadi ya Ushindi.

"Huyu huyu Mtobwa," alisema, "ndiye aliyeandika na hiki."

Riwaya hiyo inahusu Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, pale majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Tanzania na Tanzania ikayarudisha nyuma hadi Kampala. Ndani yake hamna Joram. Yumo Sikamona, kijana aliyerudi kutoka vitani na mwili uliovunjika, ambaye watu hupata taabu kumtazama usoni. Ushindi umepatikana, nchi inashangilia, naye anajiuliza mahali pake ni wapi katika shangwe hiyo. Kwa askari hilo ni swali la kweli kuliko mafumbo yote ya wapelelezi.

MAONI YETU

Yatupasa kusema ukweli wetu nasi. Tulipokuwa chuo cha maofisa kadeti tulimsoma Mtobwa usiku chini ya blanketi, tochi mkononi, baada ya taa kuzimwa kwa amri. Tulikamatwa tukiwa katikati ya mkasa, tukaadhibiwa kwa haki, na kwa siku tatu tulikimbia huku tukifikiri juu ya mwisho wa hadithi. Hatukuwa walevi kwa sababu ya kitabu kile, wala hatukuasi amri nyingine. Lakini tukiri pia kwamba wakati ule tuliamini ushujaa ni kazi ya mtu mmoja mwenye bahati. Imani hiyo tulihitaji miaka kuitupa, na waliotusaidia kuitupa ni wenzetu wa platuni.

Kwa hiyo tumejibu barua ile hivi: vitabu vibaki. Msomaji aliyevuliwa kitabu mikononi hapewi busara kwa kuvuliwa, hubaki mikono mitupu. Ila tumependekeza kwamba kila anayeazima Joram Kiango aazime na Zawadi ya Ushindi, na kwamba mara moja kwa mwezi bwalo liwe mahali pa kuvizungumza, inspekta akiwepo na daftari lake, sajini wa kike na swali lake, na sajini mkuu na chai yake.

Mwenye barua amekubali, kwa sharti moja. Naye ataka kuhudhuria, na kabla ya hapo anaomba aazimwe kile kitabu kisicho na kurasa za mwisho, kwani yasemekana kwamba miaka mingi iliyopita yeye pia aliishia hapo hapo.