Mikono ya Majivu

Wiki ya Krismasi, pembeni mwa soko la Mikindani, kuna moshi mweusi unaokereketa koo. Chini yake nilimkuta mama mmoja ameinamia bati lililotobolewa matundu, akikaanga korosho zenye maganda. Nilikwenda kununua maembe; nikasimama pale hadi adhuhuri.

Kilichonishika ni mikono yake. Kabla ya kugusa chochote aliipaka majivu, maana mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi. Yakichuruzika kwenye matundu ya bati hushika moto, na ndimi zinapanda ghafla. Hapo mama hugeuzageuza kwa mti mrefu, macho kayafinya, akingoja rangi anayoijua yeye. Akichelewa, kiini kinaungua. Akiwahi, ganda linagoma. Kisha huzimwaga zote mchangani na kuzifukia mpaka moto ufe.

Zikipoa, ndipo anapobangua. Anaisimamisha korosho juu ya jiwe, anaigonga kwa kipande cha mti mara moja, mara mbili, ganda linaachia. Kiini kizima kinakwenda kwenye ungo, kilichovunjika kwenye bakuli.

"Nzima ndiyo hela," aliniambia. "Vipande nawapa wajukuu. Ukigonga kwa hasira, mwanangu, utashinda unatoa vipande tu."

Kilo nne hivi za korosho ghafi humpa kilo moja ya kuuza. Wateja wake wa Desemba ni Wakristo wa Mtwara mjini na wenyeji waliorudi likizo kutoka Dar es Salaam. Yeye mwenyewe ni Mwislamu, kama walivyo wengi katika mji huu mkongwe wa nyumba za matumbawe, alikoanzia Livingstone safari yake ya bara mwaka 1866 na ambako boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama.

"Krismasi yao inawanunulia wajukuu zangu madaftari," alisema. "Idi yetu wanakuja kula pilau. Tubaguane kwa lipi?"

Sikukuu ya huku inategemea mnada wa korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mkulima hupeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, kisha hungoja yauzwe mnadani ndipo apate malipo. Yakiwahi, watoto wanavaa nguo mpya. Yakichelewa, Krismasi inapita kama siku nyingine. Na sehemu kubwa ya korosho hizo husafirishwa zikiwa na maganda yake hadi India na Vietnam, zikabanguliwe huko. Viwanda zaidi ya kumi vilivyojengwa nchini kwa mikopo tangu miaka ya 1970 vingi viliishia kuwa maghala.

Nilimuuliza kama angependa kiwanda kijengwe jirani. Aligonga korosho tatu kabla ya kujibu.

"Nakipenda. Wasichana wetu wapate kazi. Lakini mimi nitakuwa nani humo? Watanichukua na macho haya ya moshi, au nitakuja kununua korosho dukani kama wewe?"

Sikuwa na la kumjibu. Kila msimu tunaambiwa korosho yetu lazima ibanguliwe nyumbani, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini aliyekuwa akiibangua nyumbani miaka yote, bila glavu wala mkopo, yupo hapa sokoni. Nani amewahi kuja kumuuliza anahitaji nini?