Kabla ya Kikao cha Kwanza

Chukua mtu ambaye kila akiingia Marikiti, soko la Mombasa, moyo humwenda mbio, jasho likamtoka, mikono ikafa ganzi. Hospitali wamempima moyo, hauna kasoro. Basi akishikwa na hofu hutoka haraka, na akifika nje hupata nafuu. Kesho yake anamtuma mtoto. Baada ya muda, hata Biashara Street hapiti. Nafuu ile ndiyo inayomponza: kila akikimbia, ubongo unasadiki kwamba sokoni kweli palikuwa na hatari, na kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

Mwanasaikolojia aliyesomea kazi yake hatamwambia ajikaze. Atamrudisha kidogo kidogo. Mara ya kwanza asimame upande wa Barabara ya Digo mpaka moyo utulie. Mara nyingine aingie hadi kwenye magunia ya iliki na mdalasini, abaki hapo. Hofu itapanda, kisha itashuka yenyewe, na ubongo utapata somo jipya. Kwa hiyo vikao vya mwanzo huweza kukuchosha kuliko kukupumzisha. Wengi huacha hapo hapo, na inasikitisha, kwani ndipo kazi inapoanza.

Wala si lazima iwe safari ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata wanawake 518 wa pembezoni mwa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Waliopewa vikao vitano vya mpango maalumu walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Kabla ya kuanza, muulize mtaalamu wako leseni. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na bodi ya kuwasajili; kuuliza si utovu wa adabu. Ujue pia kwamba mshauri nasaha haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari.

Kisha uliza kuhusu siri. Mji wa Kale vichochoro vyake ni vyembamba na habari husafiri, naelewa hofu hiyo. Unayosema ni siri, ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akidhuriwa, au mahakama ikiamuru. Mipaka hiyo uelezwe siku ya kwanza. Na kama umewahi kutaka kujiua, sema bila kuogopa sheria. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Kama umeshasomewa dua au kunywa kombe la zafarani, usifiche. Mtaalamu mzuri hakutenganishi na imani yako. Anataka kujua umepita wapi.

Jambo moja limejirudia katika mamia ya tafiti: wewe na mtaalamu wako mkielewana na kukubaliana mnakokwenda, matokeo huwa bora. Ukiona baada ya vikao kadhaa hakuelewi, usimwonee haya na usitoweke kimya kimya. Mwambie, na ikibidi umwombe akuelekeze kwa mwenzake.