Tanuri Dogo Mgongoni mwa Mtoto

Mwezi huu tunaomba tuanze mbali kidogo, kule Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani. Huko yuko mnyama mdogo wa jamii ya kindi aishiye katika mashimo ardhini. Baridi kali ikikaribia huingia shimoni akalala kwa miezi saba au zaidi. Lakini usingizi wake si kama wetu. Mwaka 1989 mtaalamu Brian Barnes wa Chuo Kikuu cha Alaska alieleza kwamba joto la tumboni mwa mnyama huyu hushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na damu isigande. Moyo hupiga mara chache tu kwa dakika. Ukimshika utadhani umeshika mzoga.

Linalotushangaza sisi wauguzi si kulala huko, bali kuamka. Kila baada ya wiki mbili au tatu huamka katikati ya baridi ile ile, pasipo jua wala moto. Kwa saa chache tu joto lake hupanda hadi karibu nyuzi 37. Hukaa macho kwa muda usiozidi siku moja hivi, kisha hulala tena. Joto hilo hulitoa wapi?

Hulitoa katika mafuta ya pekee, yenye rangi ya kahawia, yaliyo katikati ya mabega, shingoni na karibu na mishipa mikubwa ya damu. Mafuta meupe, yale yanayotusumbua viunoni, ni ghala tu. Haya ya kahawia ni jiko. Ubongo ukiyapelekea amri, huungua bila kufanya kazi nyingine yoyote, nguvu yote ikawa joto. Ni kama kuwasha kuni kwa ajili ya kuota moto tu, wala hakuna chungu mekoni. Kifua na kichwa hutangulia kupata joto, moyo huanza kwenda mbio, na miguu ya nyuma hungoja hadi mwisho. Baadaye misuli nayo hutetemeka na kuongeza joto. Ni kazi ya gharama: sehemu kubwa ya akiba ya majira yote huishia katika kuamka.

Mtoto wako mchanga naye ana mafuta hayo hayo, na mengi yapo pale pale katikati ya mabega. Hawezi kutetemeka vizuri kama mtu mzima, kwa hiyo hilo ndilo tanuri lake. Tanuri hili hula sukari na oksijeni. Likiwaka muda mrefu, sukari ya damu hupungua, mtoto hunyonya kwa unyonge, halafu huacha kabisa. Tena mafuta haya hujengeka hasa katika miezi ya mwisho ya mimba, hivyo mtoto njiti anayo kidogo mno.

Kindi aliyepoa hujiamsha mwenyewe. Mtoto mchanga aliyepoa hajiamshi. Hulala tu, halii, na jirani husifu, "Mtoto mtulivu huyu!" Maneno hayo tunayasikia wodini na tunapowatembelea wazazi majumbani, na hutushtua. Mguse nyayo na tumbo. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, ameanza kupoteza joto: mkumbatie na kumfunika. Vyote viwili vikiwa baridi, mpeleke hospitali hima, akiwa kifuani pako.

Kifua hicho ni dawa kweli. Mwaka 1978 Daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, alipopungukiwa mashine za kuwatunzia njiti, alianza kuwaweka kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linahimiza njia hiyo. Mvishe nepi, kofia na soksi tu, kisha mfunge kwa kanga. Baba naye anaweza; wapo wanaoona haya, lakini haya ya nini kwa mtoto wake mwenyewe?

Kuhusu kuoga, Shirika hilo linashauri kungoja saa 24 baada ya kuzaliwa. Bibi atanung'unika, mwelezeni kwa heshima. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake yenye sumu huua mama na mtoto pamoja. Na chupa ya maji ya moto isiwekwe ubavuni mwake, kwani ngozi yake huungua upesi kuliko mkono wako unavyoweza kukuonya.