Gofu ya visahani: Huhitaji vijiti wala kadi ya uanachama

Ukisikia gofu, pengine akili yako inakimbia moja kwa moja hadi Muthaiga au Karen: magari makubwa, ada ya uanachama ya kutisha, na askari wa getini anayekupima kuanzia viatu. Tulia. Kuna gofu nyingine isiyo na vijiti wala kedi wa kukubebea mkoba, na moja ya viwanja vyake vinavyoheshimika zaidi iko ndani ya chuo kikuu.

Chuo chenyewe ni Winthrop, mjini Rock Hill, jimbo la South Carolina nchini Marekani, kusini kidogo mwa jiji la Charlotte. Kilianza 1886 kikiwa shule ya kuwafunza wanawake ualimu. Tangu 1999, vigogo wa gofu ya visahani hukusanyika hapo kuwania ubingwa wa Marekani. Wa kwanza kuubeba alikuwa Ken Climo, jamaa ambaye ametwaa ubingwa wa dunia mara 12.

Mchezo wenyewe si mgumu kuelewa. Badala ya mpira unarusha kisahani cha plastiki, na badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma juu ya mlingoti, minyororo ikining'inia juu yake. Unarusha, unatembea hadi kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka minyororo ilie na kisahani kitulie kikapuni. Unafanya hivyo mara 18. Mwenye mirusho michache zaidi ndiye mshindi.

Lakini usidhani ni ile frisbi mnayorushiana ufuoni. Kisahani cha gofu ni kidogo na kigumu zaidi, na kipo cha masafa marefu, cha masafa ya kati na cha kumalizia karibu na kikapu. Ukirusha kwa mkono wa kulia ukiuvuta kutoka upande wa kifua, kinapopunguza kasi hukata kona kuelekea kushoto. Ndiyo maana mchezaji mzuri hakilengi kikapu moja kwa moja. Analenga kulia kidogo, kisha anaiachia hewa imalizie kazi.

Hapo Winthrop, kampasi yenyewe ndiyo inakupiga mtihani. Kuna ziwa, kuna miti, na wakati wa mashindano waandaaji hutandaza kamba za manjano kwenye nyasi. Kisahani kikitua nje ya kamba, hata kama ni kwenye nyasi safi kabisa, ni kama umekitupa majini: unaongezewa mrusho mmoja kwenye hesabu yako.

Halafu kuna shimo la 17. Ukiliona kwenye karatasi utacheka, kwa sababu ni fupi na mchezaji wa kiwango hicho hufika kikapuni kwa mrusho mmoja bila jasho. Noma ni kwamba eneo la kikapu limezungushiwa marobota ya nyasi kavu, kama kisiwa. Ukitua nje unaadhibiwa na bado una kisiwa cha kufikia. Msee anaweza kuongoza siku nne, kisha ayaone mataji yakiyeyuka hapo kwa dakika mbili, likiwa limebaki shimo moja tu. Misuli haikusaidii hapo. Kinachohitajika ni mkono usiotetemeka.

Jambo jingine litakalokushangaza ni refa. Kwa kawaida hakuna refa anayetembea na kila kundi. Wachezaji wenyewe huhesabu mirusho, hutajiana makosa na kuandika alama za wenzao. Ukidanganya, unawadanganya watu mnaotembea nao kwa saa kadhaa. Kwa kizazi kilichozoea kumlaumu refa kila wikendi, hilo ni somo.

Na mchezo huu haukubuniwa na matajiri. Kabla ya vikapu, watu walikuwa wakilenga miti, milingoti ya taa na hata mapipa ya taka. Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni ya Wham-O iliyouza frisbi, ndiye aliyeanzisha uwanja wa kwanza wa kudumu mwaka 1975 huko Oak Grove, California, kisha akabuni kikapu cha minyororo. Alipofariki 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Mapenzi ya mchezo yakizidi hapo, utaniambia.

Sasa, wewe uliye kampasi hapa Kenya utasema, "Hayo ni ya huko." Hebu tazama chuo chako. Una nyasi, una miti, una njia za kutembea, na jioni una vijana wengi waliokunja shingo juu ya simu. Uwanja wa gofu ya kawaida unataka ekari nyingi, maji na mashine za kukata nyasi kila mara. Huu unataka milingoti na vikapu vichache tu, na miti inaachwa isimame kwa sababu ndiyo vizuizi vyenyewe.

Ukitaka kuanza, usingoje vikapu. Tafuta kisahani kimoja cha masafa ya kati, kwani kile cha masafa marefu kinahitaji kasi ambayo bado huna. Chagueni miti tisa, mkubaliane kila mmoja ufikiwe kwa mirusho mitatu, muanze kuhesabu. Pitieni kwanza ofisi ya michezo mpate ruhusa, na msirushe kamwe mtu akiwa njiani, maana kisahani hicho kikikupata kichwani si mchezo tena.

Na siku mti wenu wa mwisho utakapokuwa mbele yako, marafiki wamenyamaza na umebakisha mrusho mmoja, utaelewa kwa nini mabingwa hukosa usingizi wakiliwaza shimo la 17.